Kiti Kimoja, Wanawake Wawili: Kisa cha Nahodha Janeway, 1997

Katika sehemu ya tamthilia ya Star Trek: Voyager iliyorushwa Marekani Septemba 10, 1997, nahodha wa chombo cha anga anaingia katika chumba cha mahabusu. Ndani yumo mwanamke kijana ambaye mwili wake haujaachana na chuma. Alitekwa akiwa mtoto wa miaka sita na Borg, viumbe waliochanganywa na mashine, wenye akili moja kwa wote na wasio na majina. Sasa ametenganishwa nao na upweke unamtesa. Anataka arudishwe. Nahodha anakataa. Anavumilia hasira zake, anamwonyesha picha ya mtoto aliyekuwa kabla ya kutekwa, anamtajia jina lake la kuzaliwa: Annika Hansen. Mwishoni mwa sehemu hiyo mateka yule anakumbuka jambo moja dogo, kwamba mtoto wa kwenye picha alipenda rangi nyekundu. Nimeiona mara nyingi, na kila mara hilo neno moja la rangi hunishika koo.

Kamera zilipozimwa, nahodha hakuwa mama wa mtu. Kate Mulgrew, aliyeigiza Nahodha Kathryn Janeway, hakumtaka Jeri Ryan, aliyeigiza huyo mateka anayeitwa Seven of Nine, na hakujisumbua kuficha. Ryan ameeleza baadaye kwamba kuna siku alikuwa akienda kazini tumbo likimchafuka kwa kujua atakayekabiliana naye huko. Waigizaji wenzao wamelithibitisha. Mulgrew mwenyewe amekiri hadharani, zaidi ya mara moja, kwamba hakumtendea mwenzake haki, na kwamba lawama ni yake.

Watu wengi hukisimulia kisa hiki kama umbea: wanawake wawili, mmoja wa miaka 42 na mwingine wa 29, wivu, basi. Mimi usomaji huo naukataa. Ukikisoma hivyo, wale waliopanga hali yenyewe wanaondoka mikono safi, bila hata kuulizwa. Na unamdhulumu pia Mulgrew, kwa sababu alichokuwa akikilinda kilikuwa na thamani ya kweli, ingawa alikilinda vibaya na kwa gharama ya mtu asiye na hatia. Kukielewa kisa hiki inabidi kuanza na kiti cha nahodha, kisha ndipo tuje kwa waliokikalia.

Kiti kabla ya Mulgrew

Filamu ya kwanza kabisa ya majaribio ya Star Trek, tamthilia ya safari za anga iliyozaa nyingine za jina hilo ikiwamo Voyager, ilitengenezwa mwishoni mwa 1964. Ndani yake msaidizi wa nahodha alikuwa mwanamke, akiigizwa na Majel Barrett. Tamthilia ilipoanza kuonyeshwa mwaka 1966, nafasi ile haikuwa na mwanamke tena. Sehemu ya mwisho ya tamthilia hiyo, iliyorushwa Juni 3, 1969, inamhusu mwanamke anayelalamika kwamba dunia ya manahodha wa vyombo vya anga haina nafasi kwa wanawake. Hadithi inamwonyesha kama mtu aliyerukwa na akili. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu ya kuagana: mwanamke anayekitaka kiti ana kasoro kichwani.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna fungu letu katika historia hii. Afisa wa mawasiliano katika tamthilia ile ya 1966 aliitwa Uhura, jina lililotolewa katika neno letu "uhuru", na aliigizwa na Nichelle Nichols, mwanamke Mmarekani mweusi. Baada ya msimu wa kwanza Nichols alitaka kuacha kazi. Aliyemzuia ni Martin Luther King. Alimwambia kwamba hawezi kuondoka, kwani kuwapo kwake pale kuliwafanya watu weusi waonekane kama walivyostahili kuonekana. Nichols akabaki, na nani angefanya vinginevyo baada ya kuambiwa hivyo na King? Lakini tazama mzigo aliopewa siku ile. Mwigizaji wa kawaida akichoshwa na kazi huacha. Nichols aliambiwa kwamba kiti chake ni cha watu milioni kadhaa na yeye hana ruhusa ya kusimama.

Mzigo wa namna hiyo ndio aliokuja kubebeshwa Mulgrew. Kati yao walipita manahodha wanawake wachache, wageni wa sehemu moja moja: mmoja katika filamu ya 1986, aliyeigizwa na Madge Sinclair wa Jamaika, na mwingine katika tamthilia mwaka 1990. Walionekana kwa dakika chache. Hakuna aliyewahi kupewa chombo na hadithi nzima juu yake.

Siku moja na nusu

Mwaka 1994 watayarishaji Rick Berman, Michael Piller na Jeri Taylor walikuwa wakiandaa tamthilia mpya ambayo nahodha wake angekuwa mwanamke. Haikupita kirahisi. Studio ilisita, na waigizaji wanaume nao walifikiriwa wakati usaili ukiendelea. Mulgrew alikuwa miongoni mwa wanawake waliojaribiwa. Hakuchaguliwa. Aliyechaguliwa ni Geneviève Bujold wa Kanada, nyota wa sinema aliyewahi kuteuliwa kuwania Oscar.

Septemba 1994 upigaji picha ukaanza, na baada ya takriban siku moja na nusu Bujold akaondoka. Alikuwa mtu wa sinema, amezoea kupewa muda wa kulichimba tukio moja taratibu. Televisheni ya Marekani wakati ule ilidai sehemu 26 kwa msimu, kurasa nyingi kwa siku, miezi kumi mfululizo. Aliona mapema kwamba kazi ile si yake, akasema, akaenda. Namheshimu kwa hilo. Lakini aliacha kiti kitupu wakati mbaya: Voyager ilikuwa imeandaliwa kufungua kituo kipya kabisa cha televisheni, UPN, usiku wa kwanza wa matangazo yake, Januari 16, 1995. Kituo kizima kilikuwa kikimsubiri nahodha ambaye hayupo.

Ndipo wakamrudia Mulgrew. Alizaliwa 1955 mjini Dubuque, Iowa, mtoto wa pili kati ya wanane katika familia ya Kikatoliki yenye asili ya Ireland. Alisomea uigizaji New York kwa Stella Adler, na tangu 1975 alikuwa amejulikana kwa tamthilia ya mchana iitwayo Ryan's Hope. Kuna jambo la kipindi hicho alilolieleza mwenyewe katika kumbukumbu zake za mwaka 2015, nami naona linakihusu kisa chetu. Alipata ujauzito akiwa kijana, hajaolewa, na waandishi wa tamthilia wakauingiza ujauzito huo katika hadithi. Akajifungua binti, akamtoa alelewe na familia nyingine. Muda mfupi baadaye alikuwa amerudi kazini, mbele ya kamera, amempakata mtoto wa watu na kuigiza furaha ya mama mpya. Yeye na binti yake walikutana tena miaka mingi baadaye, binti akiwa mtu mzima. Kwa hiyo mwanamke aliyeingia katika chombo cha Voyager alishajua, tangu ujana wake, kuigiza umama kikamilifu huku moyoni mna jambo jingine kabisa.

Mwaka 1994 alikuwa ameachana na mumewe, anawalea wana wawili waliokuwa bado shuleni. Siku za kazi zilifika saa kumi na nane wakati mwingine. Amesimulia mara nyingi kwamba wanawe waliichukia tamthilia ile, kwa kuwa ndiyo iliyowanyang'anya mama yao.

Na huko kazini aliwakuta wakubwa wa studio wamesimama nyuma ya kamera, wanamtazama. Unajua kilichowakosesha usingizi? Nywele. Ziachwe? Zifungwe? Matukio ya sehemu ya kwanza yalipigwa picha upya kwa sababu ya nywele, na kwa misimu kadhaa zilibadilika kutoka fundo gumu kisogoni, hadi mkia, hadi kukatwa mpaka shingoni. Manahodha wengi, chombo huenda mrama, wanasema watu wa pwani, na chombo hiki kilikuwa na manahodha kumi wasioonekana, kila mmoja na maoni yake kuhusu kichwa cha mwanamke mmoja. Nahodha wa kiume aliyemtangulia, Patrick Stewart, hakuwa na nywele kabisa, na aliongoza chombo chake misimu saba.

Masharti ya Mulgrew

Kwa hadithi, Voyager ni chombo kidogo chenye watu wapatao mia moja na hamsini. Kinarushwa na nguvu ngeni hadi upande mwingine wa galaksi, umbali wa miaka ya nuru 70,000, safari ya miaka 75 kurudi nyumbani. Njia fupi ya kurudi ilikuwapo. Janeway aliiharibu kwa amri yake mwenyewe, kwa sababu kuitumia kungewaacha viumbe dhaifu mikononi mwa maadui zao. Kila kinachofuata kwa misimu saba kinatokana na uamuzi huo, na yeye anaubeba kila asubuhi pamoja na kikombe chake cha kahawa nyeusi.

Janeway alipanda cheo kupitia sayansi. Mbele ya tatizo, jambo la kwanza kwake ni kudadisi. Mulgrew alijifunza mistari mirefu ya maneno ya kisayansi mpaka yakamtoka kama mtu anayeongea na jirani, na alikuwa na sauti ya kuyabeba: nzito, yenye mkwaruzo, inayojua kushuka inapotaka kutisha. Katika sehemu ya kwanza kuna mazungumzo mafupi ya namna ya kumwita. Afisa kijana anamwita kwa heshima ya kiume ya jeshini, "sir", kisha kwa ya kike, "ma'am", na yeye anamwambia kwamba ya kike inafaa mambo yakibana, ila anapendelea kuitwa kwa cheo chake. Nikijaribu kukitafsiri kipande hicho tatizo linayeyuka mkononi. "Nahodha" kwetu halina jinsia, na "yeye" pia. Lugha yetu ilishampa kiti, ingawa vyombo vyetu wenyewe, majahazi na meli, tumewapa wanawake wachache mno.

Miongoni mwa mambo aliyoyashikilia Mulgrew, moja lina uzito kuliko mengine: Janeway hatakuwa na mapenzi na mtu wa chombo chake. Watazamaji walitamani aungane na msaidizi wake, Chakotay. Hata watayarishaji walilichezea wazo hilo. Mulgrew alisimama kidete. Alisema kwa namna mbalimbali kwamba kwa mara hii moja mwanamke apimwe kwa anavyoongoza, anavyofikiri na anavyoamua, bila kuuzwa kwa mwili wake. Kwa misimu mitatu alishinda kwa hoja hiyo. Wasichana wa wakati ule walimwona mwanasayansi wa makamo akitoa amri na kutiiwa, na hakuna aliyehitaji kumbusu ili wamtazame.

Wiki tatu hivi baada ya usiku ule wa kwanza wa UPN, Februari 3, 1995, mwanaanga wa Marekani Eileen Collins alirusha chombo halisi cha anga, Discovery, na kuwa mwanamke wa kwanza kuwa rubani wa chombo cha aina hiyo. Nikikumbuka jinsi tarehe hizo mbili zilivyokaribiana, naelewa kwa nini Mulgrew aliiona kazi yake kuwa kubwa kuliko tamthilia.

Mgeni

Kufikia 1997 UPN ilikuwa na wasiwasi. Watazamaji walikuwa wakipungua, na kundi ambalo watangazaji wa biashara walilitaka zaidi lilikuwa vijana wa kiume. Uamuzi ukafikiwa: mhusika mmoja wa kike, Kes, aondolewe, na aingie mwingine. Jeri Ryan aliisita nafasi hiyo kabla ya kuikubali, na kilichomvuta ni uandishi wenyewe, nafasi ya kuigiza mtu anayejifunza upya kuwa mtu.

Kisha wakamvalisha. Vazi moja la rangi ya fedha, la kubana mwili mzima, na chini yake jingine la kubana kiuno. Kwenda chooni kulimaanisha kusimamisha kazi ya watu wote kwa dakika kama ishirini, na tangazo kupita kwenye redio za watumishi wa seti. Basi akawa anajinyima maji. Katika matangazo ya msimu mpya yeye na vazi lake ndio waliokuwa mbele. Nahodha alisogezwa pembeni.

Jiweke mahali pa Mulgrew. Umeshinda miaka mitatu ukibishana kwamba mwanamke anaweza kubeba tamthilia bila kuuza mwili. Umekosa usingizi, umewakosa wanao. Asubuhi moja jibu la hoja yako linaingia mlangoni, na limevaa fedha. Hakuna aliyekutukana kwa mdomo, na hapakuwa na haja.

Watu wetu husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. UPN ilimleta Ryan ili tamthilia ipone, na kweli ikapona, watazamaji wakaongezeka. Ila mwenyeji aliona kwamba dawa yenyewe imetengenezwa kwa kuikana hoja yake.

Picha inayonijia mimi ni ya nyumba ya ukewenza. Mume anaoa mke wa pili, hamshauri wa kwanza, kisha anatoka kwenda kukaa barazani. Ndani, wanawake wawili wanabaki na jiko moja. Mmoja anahesabu miaka aliyoitumikia nyumba ile. Mwingine hajui alichokosa. Wakigombana, majirani husikia sauti zao mbili tu, na wanasema, "Wanawake hao!" Sauti ya mume haimo, kwa sababu yeye hana haja ya kupiga kelele. Alishasema neno lake siku alipomleta mgeni. Katika kisa cha 1997, waliokaa barazani ni waliopanga kwamba kuna nafasi moja ya mwanamke wa kutazamwa. Walipounda nafasi moja walikuwa tayari wameunda ugomvi, na majina ya wagombanaji yangekuja baadaye.

Nayasema hayo kwa imani kamili. Hata hivyo siwezi kuishia hapo, maana ukewenza una upande wa pili, na mke mkubwa naye huulizwa.

Fungu la Mulgrew

Ryan hakuchagua vazi. Hakuchagua kumwondoa Kes. Alikuwa mama wa mtoto mdogo, mwigizaji ambaye hakuwa nyota bado, na siku yake ya kwanza kazini alikuta mwenye nyumba amekwisha kumhukumu. Mulgrew alikuwa na uwezo mkubwa pale. Alikuwa nahodha wa hadithi na wa seti pia. Jina lake ndilo lililotangulia mengine, na hali yake ya asubuhi ndiyo iliyoamua hali ya siku nzima. Hasira yake dhidi ya wakubwa wa studio ilikuwa ya haki. Aliyeipokea ni mtu aliyekuwa mbele yake, kwa vile wakubwa wenyewe walikuwa mbali na yeye alikuwa karibu. Maumivu huwa na tabia hiyo ya kumwangukia aliye karibu.

Na hapa ndipo kisa kinaponiuma kwa sababu nampenda nahodha huyu. Janeway angekuwa wa kwanza kuliona. Msimu mzima ule wa nne hadithi yake ni kwamba anaweza kumkasirikia Borg, adui aliyemeza walimwengu, na bado akamtenga mtu mmoja mbele yake na kusema: huyu si wao, huyu alichukuliwa, huyu ni mtoto wa watu. Mulgrew aliyasema maneno ya namna hiyo mbele ya kamera, na aliyasema vizuri kiasi kwamba tuliyaamini. Alikuwa nayo kinywani. Kuyaweka katika maisha saa sita mchana, kati ya tukio na tukio, ndiko kulikomshinda.

Nimewahi kusikia hoja kwamba uhasama ule ndio ulioipa moto kazi yao, kwamba ukali kati ya Janeway na Seven unatazamika kwa sababu ulikuwa wa kweli. Siipendi hoja hii. Inamgeuza Ryan kuwa kuni. Tena haielezi kilichopo kwenye kioo, kwa maana kinachokumbukwa zaidi kati ya wale wawili ni upole. Katika hadithi ndefu ya Februari 1999, Seven anarudi kwa malkia wa Borg, na Janeway anaingia hadi ndani ya ngome yao kumfuata, akiamini kwamba hakwenda kwa hiari. Uso wa Mulgrew katika matukio hayo ni uso wa mzazi anayetafuta mtoto sokoni jua likizama. Upole huo ulitengenezwa na waigizaji wawili hodari wakati nje ya fremu palikuwa na ubaridi. Ulikuwa ufundi, na sifa ni yao wote wawili, hasa ya Ryan, aliyelazimika kuonyesha kumwamini mtu ambaye hakumpa sababu ya kumwamini.

Mulgrew naye hakudhoofika kwa kuja kwa mgeni. Ilikuwa kinyume. Novemba 1997, katika hadithi ya sehemu mbili ambayo chombo kinabomoka kidogo kidogo kwa mwaka mzima, alitoa uigizaji ambao kwangu ndio bora wa tamthilia nzima: nahodha mwenye makovu ya moto, amebaki peke yake usukanini, anakielekeza chombo chake kwa adui. Nafasi ya wanawake wawili ilikuwapo siku zote. Waliokaa barazani hawakuwa wamewaambia.

Baada ya nanga

Voyager ilimalizika Mei 23, 2001. Mulgrew amekuwa na kazi nyingine kubwa, ikiwamo nafasi ya mpishi wa Kirusi katika tamthilia ya gereza la wanawake iliyoanza 2013, na sijashangaa kwamba pale, miongoni mwa wanawake wengi wa kila umri, umbo na rangi, aling'ara bila kumwonea mtu wivu. Kiti hakikuwa kimoja tena.

Kile cha Janeway, lakini, hakikumwacha. Mwaka 2014 sauti yake ilisikika katika tangazo la filamu iliyotetea dai kwamba jua ndilo linaloizunguka dunia. Watu walishtuka, kwa kuwa walimsikia nahodha mwanasayansi. Mulgrew alijitokeza na kueleza kwamba hakubaliani na dai hilo hata kidogo, kwamba alikodiwa sauti tu na hakuelezwa kusudi la filamu. Mwigizaji mwingine angesamehewa siku hiyo hiyo na kusahauliwa. Kwake ilikuwa kama Janeway ametusaliti.

Kinyume cha tukio hilo ni picha ya Aprili 2015. Samantha Cristoforetti, mwanaanga wa Italia, alipigwa picha ndani ya kituo cha kimataifa cha anga amevaa sare ya maafisa wa Voyager, huku nje ya dirisha kikionekana chombo kilicholeta mashine ya kahawa. Maneno aliyoambatanisha yalikuwa ya Janeway, kuhusu kahawa iliyomo katika wingu la angani. Septemba 2022 Cristoforetti akawa mwanamke wa kwanza wa Ulaya kukiongoza kituo hicho.

Ama kuhusu Ryan, Mulgrew aliomba radhi. Hakusubiri afe mtu ndipo aseme. Amelitaja kosa lake mbele ya mashabiki na katika mahojiano, bila kumsukumia mwingine, hata wale wa barazani ambao angekuwa na haki ya kuwasukumia. Ryan amesema yameisha, na wameonekana pamoja wakicheka. Mimi ningependa na wale wengine waseme neno. Walioliagiza vazi nao wana midomo.

Oktoba 24, 2020, sanamu ya Janeway ilizinduliwa Bloomington, Indiana, mji ambao hadithi inasema ndipo atakapozaliwa. Na Ryan alikuwa amekwisha kurudi kumwigiza Seven katika tamthilia mpya iliyoanza mwaka huo huo. Humo tunaelezwa kwamba Voyager iliporudi nyumbani, jeshi la anga lilimkataa Seven kwa sababu aliwahi kuwa Borg, na kwamba Janeway alimpigania hadi kutishia kujiuzulu. Sijui aliyeandika mistari hiyo alikuwa akiwaza nini, lakini Ryan ndiye aliyepewa kuisema, kwa kinywa chake, kuhusu nahodha yule.

Aprili 2023 tamthilia hiyo ilifungwa. Katika dakika zake za mwisho Seven anaingia kwenye chumba cha usukani cha chombo kiitwacho Enterprise akiwa na cheo kipya, amevaa sare ya kawaida kama ya kila mtu, na anakaa katika kiti cha nahodha. Msaidizi wake ni mwanamke pia, Raffi, mwanamke mweusi, aliyeigizwa na Michelle Hurd. Wote wanageuka kumsikiliza, maana kila nahodha ana neno lake la kuamrisha chombo kiondoke, na hili litakuwa lake la kwanza. Anavuta pumzi, anafungua mdomo, na picha inakatwa kabla hatujalisikia.